Fuata Mikono: Jinsi ya Kusoma Picha za Chapa za Dhambi na Fadhila

Kuna mto wa kulalia katika picha moja ya mwaka 1558 ambao kila nikiutazama mwili unanisisimka. Mwanamke amelala chini, amemwegemea punda ambaye naye amelala, na nyuma yake zimwi anamwekea mto vizuri, taratibu, kama mama anavyomlaza mwanawe. Hampigi. Hamchomi. Anahakikisha tu kwamba mama huyu hataamka. Hiyo ndiyo picha ya Uvivu iliyobuniwa na Pieter Bruegel, mchoraji wa Nchi za Chini (Ubelgiji na Uholanzi za leo) wa karne ya 16, na mkono ule wa zimwi kwenye mto ulinifundisha kuliko mahubiri mengi niliyosikia juu ya uvivu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuzisoma picha hizi bila kupotea ndani yake, na mwishoni achonge moja ya kwake. Nimechagua kazi za Bruegel kwa sababu ametuachia mafungu mawili kamili: Dhambi Saba, zilizochapishwa mwaka 1558, na Fadhila Saba, ambazo michoro yake aliitengeneza mwaka 1559 na 1560. Ukiweza kuzisoma hizi, nyingine za zama zile zitakufungukia zenyewe.

Hatua ya kwanza: ipate picha kubwa, na ujue imetengenezwaje

Usijaribu kuisoma picha hizi kutoka kwenye kipande kidogo kilichobandikwa mahali. Karatasi zenyewe si kubwa, ni kama sentimita 22 kwa 29, lakini kila kona imejaa watu. Makumbusho kama Rijksmuseum ya Amsterdam, British Museum ya London na Metropolitan Museum ya New York yameweka nakala zao mtandaoni kwa ubora wa hali ya juu, na mtu mwenye simu ya kawaida anaweza kuvuta mpaka aone msumari kwenye kiatu. Tafuta kwa jina la msanii pamoja na jina la Kilatini la picha: Superbia ni kiburi, Invidia ni wivu, Ira ni hasira, Avaritia ni uchoyo na tamaa ya mali, Gula ni ulafi, Luxuria ni uasherati, Desidia ni uvivu. Kwa fadhila, Fides ni imani, Spes ni tumaini, Caritas ni upendo, Prudentia ni busara, Justitia ni haki, Fortitudo ni nguvu ya moyo, Temperantia ni kiasi. Waliopita mafundisho ya Kikatoliki wanazikumbuka nne za mwisho kwa jina la maadili bawaba, na jina hilo limetafsiriwa vizuri sana, kwa sababu cardo kwa Kilatini ni bawaba kweli: mlango mzima wa maisha unazungukia hapo.

Sasa, picha ya chapa si mchoro wa mkono. Bruegel alichora kwa kalamu na wino. Mchoro ukapelekwa kwa mchongaji, ambaye kwa Dhambi Saba alikuwa Pieter van der Heyden. Yeye akauhamishia kwenye bamba la shaba na kuchimba kila mstari kwa patasi nyembamba ya chuma. Bamba likapakwa wino, likafutwa juu ili wino ubaki ndani ya mifereji peke yake, kisha karatasi iliyoloweshwa ikalazwa juu yake na vyote vikapitishwa katikati ya magogo mawili ya mashine. Shinikizo likaifanya karatasi iunywe wino kutoka kwenye shaba. Aliyelipia kazi na kuiuza alikuwa Hieronymus Cock, mchapishaji wa Antwerp ambaye yeye na mkewe Volcxken Diericx waliendesha nyumba ya uchapaji iliyoitwa Pepo Nne.

Kwa hiyo picha moja ina mikono ya watu wengi, na watu hao wameacha alama. Angalia sehemu ya chini. Ukiona neno inventor, au kifupi chake, huyo ndiye aliyebuni. Sculpsit ni aliyechonga. Excudit, mara nyingi limefupishwa kuwa excud., ni aliyechapisha. Jambo jingine: karatasi ikilala juu ya bamba, kila kitu kinageuka, kulia kunakuwa kushoto. Ukiuweka mchoro wa Bruegel kando ya chapa utaona ni kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Usisahau hilo, tutalihitaji wakati wa kuchonga.

Hatua ya pili: mtafute mwanamke

Ukifungua picha macho yatataka kukimbia. Kuna vichwa vyenye miguu, samaki wanaotembea, nyumba zenye midomo. Yazuie. Tafuta kwanza mwanamke aliye katikati au karibu na katikati, mkubwa kuliko waliomzunguka au aliyetulia kuliko wao. Huyo ndiye dhambi au fadhila yenyewe.

Kwa nini ni mwanamke kila mara? Watu wengi hukasirika hapa, na nawaelewa. Sababu mojawapo ni sarufi. Majina yote kumi na manne ya Kilatini niliyotaja ni ya jinsia ya kike katika lugha hiyo, basi wasanii tangu zamani waliyavika miili ya wanawake. Kiswahili hakina jambo hilo. Kwetu wivu ni wivu tu, hauna uke wala uume. Ndiyo maana ukichonga ya kwako hulazimiki kumbebesha mwanamke mzigo huo.

Mkishampata, tazama aliye naye. Kila dhambi ya Bruegel ina mnyama. Kiburi ana tausi. Wivu ana bata mzinga, ndege ambaye Ulaya ya wakati huo alikuwa mgeni bado, ameletwa kutoka Amerika ndani ya karne ileile. Hasira ana dubu. Uchoyo ana chura, Ulafi amekalia nguruwe, Uasherati ana jogoo, Uvivu ana punda, na konokono wanatambaa karibu naye.

Hatua ya tatu: waache wanyama wa nyumbani mlangoni

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapoteleza, na mimi niliteleza. Nilipomwona punda kwa mara ya kwanza katika picha ya uvivu nilidhani nimefungua picha isiyo yake. Punda! Mnyama ambaye kwetu akitajwa, kinachofuata ni mzigo. Tunasema bora punda afe mzigo ufike, tunamwita mtu anayefanyishwa kazi bila huruma punda. Nani pwani hii, hasa aliyeishi Lamu, atamwangalia punda na kuona uvivu?

Lakini kwa watu wa Bruegel punda alikuwa mnyama mzito, asiyetaka kusogea. Tausi naye: katika mashairi na nyimbo zetu za mapenzi, kumwita mtu tausi ni kumsifia uzuri. Katika chapa ya Superbia, tausi anasimama kando ya mwanamke aliyevaa mavazi ya fahari ya wakati wake, anayejitazama kwenye kioo, na mkia wa ndege huyo si sifa tena, ni mashtaka.

Basi fanya hivi. Chukua karatasi, andika mnyama unayemwona, na pembeni yake maana unayompa wewe kutoka kwenye malezi yako. Kisha andika anavyofanya ndani ya picha. Safu mbili zikigongana, amini picha. Zoezi hili la dakika tano litakuepusha na makosa mengi, na litakusaidia baadaye maana safu ya kwanza, ile ya kwenu, ndiyo ghala utakalochota ukichonga.

Hatua ya nne: fuata mikono

Hii ndiyo hatua yenyewe. Nyingine zote zipo kwa ajili yake.

Watu wengi wakitazama picha ya dhambi hutafuta uso mbaya. Wanatafuta jicho la husuda, kinywa cha hasira. Bruegel hakuijenga picha kwenye nyuso. Nyuso zake nyingi ni za kawaida, nyingine huzioni kabisa kwa sababu kofia imefunika. Aliijenga kwenye vitendo. Kwa hiyo achana na nyuso, anza na mkono wa yule mwanamke wa katikati na ujiulize unafanya nini, kwa kitenzi kimoja. Halafu nenda kwa mtu aliye karibu naye, mkono wake unafanya nini. Endelea hivyo kwa mzunguko, ukitoka katikati kwenda nje, mpaka ufike ukingoni.

Tufanye pamoja. Fungua Gula. Mwanamke amekaa mezani juu ya nguruwe, mkono umeinua chombo, anakunywa. Walio naye mezani nao wanakula na kunywa. Mpaka hapa ni karamu tu, unaweza kuikuta popote. Endelea kutoka nje. Kuna mtu ambaye tumbo lake limekuwa kubwa kiasi kwamba analibeba mbele yake kwenye toroli. Tazama mikono yake: imeshika mipini ya toroli. Ni mikono ya kibarua. Mtu huyu amekuwa mchukuzi wa tumbo lake mwenyewe. Nenda mbali zaidi, nyuma, na utaona kinu cha upepo ambacho kimekuwa kichwa cha mtu, macho yapo, mdomo uko wazi, na watu wanapandisha mzigo wa chakula kuutia mdomoni. Watu wote hao wanafanya kazi! Hakuna anayefurahia kula tena. Ukitoka kwa mwanamke mpaka kwenye kinu umetembea njia nzima ya ulafi, kutoka raha hadi ajira, na hujasoma hata neno moja.

Avaritia nayo ina njia yake. Mwanamke amekaa na fedha mapajani, mkono umo ndani ya sarafu. Karibu naye kuna kibanda cha mkopeshaji anayepokea rehani, na watu walio uchi, kwa sababu hata nguo zimeshaingia humo. Upande mwingine kuna watu wanaolenga shabaha kwa pinde, na shabaha yenyewe ni mkoba wa fedha ulioning'inizwa. Hesabu mikono inayotoa kitu kumpa mwingine kwa hiari. Mimi sijaupata hata mmoja.

Katika Invidia, mkono unaotisha ni wa mwanamke mwenyewe: ameushika moyo wake na anautafuna. Karibu na miguu yake mbwa wawili wanagombania mfupa. Ukiangalia kwa haraka unadhani mbwa ni mapambo. Lakini linganisha: mbwa wana mfupa wa kugombania, yeye hana kitu ila moyo wake.

Na Ira? Hapo mikono imeshika silaha. Mwanamke amevaa kivita, upanga mkononi, dubu yuko naye anatafuna mguu wa mtu. Askari wamebeba kisu kikubwa mno, kisu cha kushikwa na watu kadhaa pamoja, na wanakipitisha juu ya watu walio uchi. Hicho kisu ndicho ningetaka ukitazame kwa muda. Hasira ya mtu mmoja inashika kisu cha jikoni. Hasira hii imekuwa kubwa mpaka inahitaji kikosi kuibeba, na kila aliyeshika mpini anaweza kusema hakukata yeye.

Ukirudi sasa kwa Desidia, utaelewa kwa nini mto ule ulinishika. Katika picha zile nyingine mikono ina shughuli nyingi. Hapa mikono ya mwanamke haifanyi kitu, na mkono pekee wenye bidii karibu naye ni wa zimwi.

Hatua ya tano: maandishi yasome mwisho

Chini ya kila dhambi kuna maneno ya Kilatini na ya Kiholanzi cha wakati ule. Usiyaanze. Ukiyaanza utaacha kuona, utakuwa unahakiki tu. Ukimaliza mikono, ndipo uyasome, na utaona kwamba mengine yanakubaliana na ulichokiona kwa namna ya kushangaza. Ya Wivu yanasema ni kifo kisichokufa, tauni katili, mnyama anayejila mwenyewe. Ya Ulafi yanaonya kwamba kupita kiasi kunamfanya mtu amsahau Mungu na ajisahau yeye mwenyewe. Mkumbuke yule wa toroli. Ya Uvivu yanasema uvivu huondoa nguvu na kukausha mishipa mpaka mtu hafai kwa lolote. Ya Hasira yanasema hasira huvimbisha mdomo na kuifanya damu kuwa nyeusi. Kwetu yametosha maneno mawili, hasira hasara.

Hatua ya sita: rudia yote kwa fadhila, polepole zaidi

Fadhila ni ngumu kuchora. Wema hauna pembe wala mkia. Angalia jinsi Bruegel alivyohangaika nao, maana mazimwi yamepungua sana na mahali pake wameingia watu wa kawaida katika miji na vijiji vya kawaida.

Caritas ndiyo rahisi, anza nayo. Mwanamke ameshika moyo unaowaka moto, kichwani ana mwari, ndege aliyeaminiwa kwamba hujichoma kifua ili alishe makinda kwa damu yake. Pande zote watu wanalishwa, wanavishwa, wanazuru wafungwa na wagonjwa, wanazika. Mikono inapokea na kutoa. Ukiiweka kando ya Avaritia, ni kama mtu amegeuza mkondo wa mto.

Temperantia nimeikalia kwa muda mrefu kuliko zote. Mwanamke ana saa kichwani, nyoka amemfunga kiunoni kama mshipi, amesimama juu ya panga la kinu cha upepo. Mkono mmoja ameshika miwani. Kinywani ana lijamu, ile anayotiwa farasi, na hatamu zake zinashuka mpaka kwenye mkono wa pili. Fuata hatamu hiyo kwa kidole. Aliyeishika ni yeye mwenyewe. Hakuna mpanda farasi, hakuna askari, hakuna mume wala padri. Kama ukitaka kumweleza kijana kiasi ni nini, mwonyeshe hatamu hiyo, kisha umwonyeshe waliomzunguka: kuna wanaohesabu, wanaoimba na kupiga ala, wanaofundisha watoto kusoma, wanaopima mbingu na ardhi, wanaocheza tamthilia. Ni zile sanaa saba za elimu ya kale. Kiasi kwa Bruegel si kujinyima, ni kuwa na kipimo cha kufanyia kazi.

Prudentia ana chekeche kichwani, kioo, jeneza, na chini yake ngazi na ndoo za kuzimia moto. Kioo kilekile alichokishika Kiburi! Chombo kimoja, mkono mwingine, maana nyingine. Karibu naye watu wanatia nyama chumvi na kukarabati nyumba. Fortitudo, mwenye fuawe kichwani, amesimama juu ya joka, na askari wamo katika kuwaua wanyama. Ukiwa umemaliza Dhambi Saba utawatambua baadhi yao, na utajua kwamba mafungu haya mawili yanazungumza.

Halafu kuna Justitia. Tafadhali usiipite. Mwanamke amefungwa kitambaa machoni, ana upanga na mizani, kama tunavyomjua mpaka leo kwenye nembo za mahakama. Sasa fuata mikono. Mtu amelazwa kwenye chombo cha mateso, anavutwa viungo, na mwingine anammiminia maji kinywani. Karani anaandika. Mkono wa karani umetulia, unaandika kila neno. Kwingine mtu amepiga magoti akisubiri upanga, na mbali kabisa, kwenye upeo wa macho, kuna miti ya kunyongea na magurudumu yaliyowekwa juu ya nguzo. Maandishi ya chini yanasema lengo la sheria ni ama kumrekebisha anayeadhibiwa, ama kuwafanya wengine wawe bora kwa adhabu yake, ama kuwaondoa waovu ili waliobaki waishi kwa usalama.

Je, Bruegel anaisifu haki hii au anailaumu? Wasomi wamebishana. Nchi za Chini alikoishi zilikuwa chini ya Mfalme Philip II wa Hispania, na watu waliuawa kwa sababu ya imani yao. Mimi nasoma mikono, na ninachokiona ni kwamba kati ya Ira na Justitia mikono inafanya mambo yanayokaribiana mno. Panga ziko kote kuwili. Kilichoongezeka ni kitambaa machoni na karani.

Hatua ya saba: jipime kwa picha isiyo na mwanamke wa katikati mwenye jina

Ukitaka kujua kama umeelewa, nenda London, karne mbili baadaye, kwa William Hogarth. Mwaka 1747 alitoa chapa 12 za vijana wawili wanaojifunza ufumaji, mmoja mwenye bidii na mwingine mvivu. Aliziuza kwa bei nafuu makusudi, akitaka vijana wa kazi wazione. Katika chapa ya kwanza paka anachezea chombo cha kufumia cha yule aliyesinzia. Mikono ya mwenzake iko kwenye nyuzi. Mwisho wa mvivu ni kitanzi, na wa mwenye bidii ni kiti cha meya. Kusema kweli sipendi ulinganifu huo; dunia ninayoijua haigawi malipo kwa usahihi namna hiyo.

Kazi yake ya 1751, inayoonyesha mtaa uliozama katika ulevi wa pombe kali ya jini (gin), ina nguvu zaidi. Hakuna Kilatini. Mama mlevi amekaa kwenye ngazi na mtoto anamponyoka, anaanguka kichwa chini. Mkono wa mama uko wapi? Unachota ugoro. Pembeni, kwa mkopeshaji wa rehani, fundi seremala anatoa msumeno wake na mama wa nyumbani anatoa vyombo vyake vya kupikia. Watu wanauza mikono yao yenyewe, kwa maana ya vile vinavyoipa mikono kazi. Kama umefika hapa kwa kufuata mikono bila kuambiwa, umeshajua kusoma.

Hatua ya nane: chonga ya kwako

Huhitaji shaba wala mashine. Kipande cha linolio, ile malighafi ya kutandika sakafuni, cha sentimita 10 kwa 15 kinatosha, au mbao laini, au hata mpira laini wa soli. Visu vidogo vya kuchongea, rola ndogo, wino wa kuchapia, kioo au kigae cha kutandazia wino, karatasi nyembamba na kijiko cha kusugulia.

Chagua dhambi moja au fadhila moja. Usichore mtu mzima. Chora mikono miwili tu na kile inachokifanya. Ikibidi kuwe na mnyama, mchukue kwenye ile safu yako ya kwanza. Mtu mmoja niliyekaa naye mezani kwa kazi hii alitaka kuchonga kiburi, akamkataa tausi. Alichora mkono uliovaa saa, umetolewa nje ya dirisha la gari, umenyooshwa ili uonekane. Hakukuwa na haja ya ndege.

Kumbuka tofauti moja kubwa na shaba ya van der Heyden. Kwenye shaba, ulichochimba kinakuwa cheusi. Kwenye linolio ni kinyume: ulichochimba kinabaki cheupe, na ulichokiacha ndicho kinachobeba wino. Kwa hiyo fikiria mwanga. Jiulize mwanga unaangukia wapi kwenye vidole, uchonge hapo, na giza liache lijikae. Wanaoanza huchonga mstari wa kuzunguka mkono na kuacha hapo, wakapata mkono mweusi kama glavu. Chonga maungio ya vidole, chonga ukingo wa kucha.

Linolio likiwa gumu, liweke juani dakika chache, litalainika. Mkono unaoshikilia uwe nyuma ya kisu siku zote, kamwe usiwe mbele ya ncha. Hili si la kujadiliwa. Kama unaweka herufi, ziandike kinyume, au andika kwenye karatasi laini inayopitisha mwanga kisha uigeuze. Na kama unataka mkono wa kulia uonekane wa kulia kwenye chapa, chora wa kushoto.

Tandaza wino kidogo kwenye kioo kwa rola mpaka usikie mlio mwembamba wa kunata, kama utepe unaobanduliwa taratibu. Ukisikia mlio mzito wa majimaji, wino umezidi. Pitisha rola juu ya bamba mara kadhaa, laza karatasi, usiisogeze tena, na sugua kwa mgongo wa kijiko kwa miduara midogo kuanzia katikati. Inua pembe moja, chungulia, kama kuna sehemu zimekuwa za kijivu rudisha na usugue tena. Kisha ibandue. Zinazofuata unaweza kuziandika namba kwa penseli chini, 3/20 ikiwa ni ya tatu katika ishirini, lakini hii ya kwanza ni ya majaribio, usiipe namba.

Mpelekee mtu ambaye hajui ulichokuwa unachonga. Usimwambie jina la dhambi. Muulize tu mikono hii inafanya nini. Akikujibu kwa kitenzi, "inaficha", "inavuta", "inamwekea mto", pandisha rola uchape ya pili. Akikujibu kwa jina, "huu ni uchoyo", basi umechora alama na si kitendo; rudi kwenye bamba, lina nafasi bado ya kuchongwa.